Ubora wa Filamu na Tamthilia Asilia za Majukwaa ya Kutiririsha Video: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo watazamaji huyarudia kila mazungumzo yanapogusa filamu na tamthilia zinazotolewa na majukwaa ya kutiririsha video. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito, na mwandishi hakujizuia kutoa maoni yake pale alipoona panastahili.

"Kazi asilia" ya jukwaa maana yake nini hasa?

Maana yake ni finyu kuliko wengi wanavyodhani. Chapa hiyo inakueleza ni nani mwenye haki ya kuionyesha kazi mahali ulipo. Haikuelezi ni nani aliyeibuni, aliyeiandika wala aliyeitengeneza. Ziko kazi ambazo jukwaa liliziagiza zikiwa bado wazo tu, ziko zilizonunuliwa zikiwa zimekamilika, ziko zilizotengenezwa kwa ubia na kituo cha runinga, na ziko ambazo kwao ni vipindi vya kawaida vya runinga lakini zikivuka mpaka hubandikwa chapa mpya.

Lilyhammer, ambayo Netflix iliitangaza mwaka 2012 kuwa tamthilia yake ya kwanza, ilitengenezwa kwa ubia na NRK, shirika la utangazaji la Norwei, na Wanorwei waliiona kwenye runinga yao kwanza. Better Call Saul ni tamthilia ya kituo cha AMC cha Marekani, ila katika nchi nyingine nyingi ilitolewa kwa jina la Netflix. Hata House of Cards ya mwaka 2013, ambayo wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyofungua zama hizi, ilitengenezwa na kampuni nyingine, Media Rights Capital. Apple nayo iliinunua filamu ya CODA kwa dola milioni 25 baada ya kuonyeshwa kwenye tamasha la Sundance la mwaka 2021, ikiwa imeshapigwa picha na kuhaririwa, na mwezi Machi 2022 filamu hiyo ikatwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora. Kumsifu mnunuzi kwa jicho lake ni haki. Kumsifu kwa uongozaji wa filamu hiyo ni sawa na kumsifu muuza vitabu kwa mtindo wa mwandishi.

Jambo hili ndilo msingi wa majibu yote yanayofuata. Anayeuliza kama kazi za jukwaa fulani ni nzuri au mbaya anauliza kuhusu rafu, ilhali ubora hukaa ndani ya vilivyowekwa juu ya rafu.

Je, ni kweli kwamba ubora umeshuka ukilinganisha na miaka ya mwanzo?

Kwa maoni yangu wastani umeshuka, lakini kilele hakijashuka. Kwa hesabu iliyokuwa ikitolewa kila mwaka na kituo cha FX, tamthilia za kubuni zilizotolewa Marekani zilipanda kutoka takriban 210 mwaka 2009 hadi 599 mwaka 2022, kisha zikashuka hadi 516 mwaka 2023. Fedha zinaweza kuongezeka mara tatu ndani ya miaka kumi na mitatu. Waandishi waliokomaa, wahariri wenye subira na waongozaji wanaojua lini waseme "tena" hawaongezeki kwa kasi hiyo. Matokeo yake ni kwamba watu wengi walipewa kazi kubwa kabla hawajapata nafasi ya kukosea katika kazi ndogo.

Sababu ya wingi huo inaeleweka. Netflix ilipoanza kutiririsha mwaka 2007, iliishi kwa kukodi kazi za studio nyingine. Studio hizo zilipoamua kufungua majukwaa yao, Disney+ mwezi Novemba 2019 na HBO Max mwezi Mei 2020, ilikuwa dhahiri kwamba kazi za kukodi zingerudi kwa wenyewe, na kila jukwaa likalazimika kuijaza rafu yake kwa vitu lisivyoweza kunyang'anywa. Katika miaka ya mwanzo kazi asilia ilikuwa ya kutafutia heshima, ndiyo maana House of Cards iliagizwa misimu miwili mizima, jumla ya sehemu 26, bila hata kudaiwa sehemu ya majaribio. Baadaye ikawa ya kuzuia mteja asiondoke. Mtu anayetafuta heshima huandaa kitu kimoja kwa uangalifu. Mtu anayezuia mgeni asiondoke huleta chochote kilicho karibu.

Mwaka 2022 Netflix ilipoteza wateja 200,000 katika robo ya kwanza na karibu milioni moja katika robo ya pili, na wawekezaji wakaanza kuuliza habari za faida badala ya idadi ya waliojiunga. Tangu hapo uagizaji umepungua kasi. Ni mapema kudai kwamba upungufu huo umeleta ubora, maana mara nyingi kinachokatwa kwanza ni kazi ya kujaribu mambo mapya, na kinachobaki ni kile kinachofanana na kilichofanya vizuri mwaka uliopita.

Kumbukumbu zetu nazo hazitendi haki. Za zamani tunakumbuka tano zilizotikisa. Za sasa tunahesabu hata zile tulizoziacha baada ya dakika kumi.

Kwa nini tamthilia nyingi zinaonekana kama filamu iliyovutwa ikawa ndefu?

Kwa sababu nyingi zilianza hivyo. Mwandishi alikuwa na mswada wa filamu ya saa mbili uliokosa mfadhili, akaambiwa kwamba filamu ya aina hiyo haina soko lakini tamthilia ya sehemu nane inalo, akaenda kuuvuta. Hadithi ya saa mbili ina mwanzo na mwisho mzuri. Kinachokosekana ni nyama ya katikati, na hapo ndipo sehemu ya nne hadi ya sita hupwaya.

Niliwahi kuipima sehemu moja ya namna hiyo kwa saa ya mkononi. Ilikuwa ya nne kati ya nane, na ilichukua dakika 47. Mhusika mkuu aliendesha gari hadi nyumbani kwa dada yake, akakaa ndani ya gari bila kushuka, akakumbuka tukio la utotoni ambalo tulikwisha kulionyeshwa katika sehemu ya pili, akashuka, wakagombana juu ya jambo tulilolijua, akarudi. Taarifa mpya katika dakika zote hizo ilikuwa bahasha aliyoiona mezani, iliyoonyeshwa kwa sekunde sita. Picha zilikuwa nzuri na waigizaji walijituma, ila sehemu nzima ilikuwepo kwa sababu mkataba ulisema nane.

Runinga ya zamani ilikuwa na vikwazo ambavyo vilionekana adui wa sanaa, kumbe vingine vilikuwa msaada. Sehemu ya saa moja kwenye kituo cha matangazo ya biashara ilibaki na dakika 42 hivi za hadithi, na kabla ya kila tangazo mwandishi alilazimika kuacha swali litakalomrudisha mtazamaji. Kila sehemu ilihitaji shida yake na utatuzi wake, kwa kuwa mtazamaji angeweza kukosa ya wiki iliyotangulia. Jukwaa liliondoa vikwazo hivyo vyote kwa mpigo. Waliokuwa na nidhamu yao wenyewe walinufaika sana. Waliotegemea ukuta wa kuegemea walianguka. Sehemu ya mwisho ya msimu wa nne wa Stranger Things, mwaka 2022, ilipita saa mbili, na sidhani kama kuna mhariri aliyeulizwa kama ingetosha saa moja na nusu.

Kuna pia suala la muda kati ya misimu. Tamthilia za zamani zenye sehemu 22 kwa mwaka zilikuwa na sehemu dhaifu nyingi, lakini waandishi walifuata uzalishaji hadi mwisho na kujifunza kutokana na makosa yao wiki kwa wiki. Katika mtindo wa sasa, kikundi kidogo cha waandishi huajiriwa kwa wiki chache, huandika msimu mzima kabla picha haijapigwa, kisha hutawanyika. Tatizo likijitokeza mbele ya kamera, aliyeliandika hayupo.

Kwa nini kazi nyingi zina picha zinazofanana, kana kwamba zimepigwa na mtu mmoja?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kamera. Netflix hudai kwamba kazi zake za kubuni zipigwe kwa kamera zilizo kwenye orodha yake, zenye uwezo wa kunasa picha ya 4K, yaani picha ya nukta nyingi kuliko HD kamili, kwa angalau asilimia 90 ya muda wa kazi iliyokamilika. Orodha hiyo, hata hivyo, ina kamera za kampuni mbalimbali, na mpigapicha hodari hutoa nazo matokeo tofauti kabisa, kwa hiyo si haki kuitupia kamera lawama yote.

Sababu yenye uzito zaidi ni mwanga. Kuweka taa kwa ajili ya pembe moja huchukua muda, na ratiba iliyobanwa humsukuma mpigapicha awashe mwanga laini unaofaa pembe zote, ili kamera mbili zipige kwa wakati mmoja. Uso unaonekana, ukuta unaonekana, na hakuna kinachojificha. Baadaye msahihishaji wa rangi anapewa picha isiyo na uamuzi wowote ndani yake, naye huipaka rangi ya buluu au ya machungwa ili ionekane ina msimamo.

Kwa nini matukio ya usiku huwa giza tupu au hujaa miraba kwenye runinga yangu?

Hapa lawama hugawanyika kati ya mpigapicha, jukwaa, runinga na chumba chako.

Chukua tukio la mtu anayepita kwenye ujia akiwa na mshumaa. Ukuta nyuma yake unapaswa kufifia taratibu kutoka rangi ya kahawia hadi weusi. Badala yake unaona mistari ya mviringo iliyopangana kama pete za mti uliokatwa, na mshumaa ukisogea pete hizo zinatetemeka. Kwenye kona, weusi umegawanyika kuwa miraba midogo inayorukaruka. Hicho si kivuli alichokipiga mpigapicha. Ni matokeo ya kubanwa kwa data. Programu inayobana video hutupa kwanza maelezo ambayo inadhani jicho halitagundua kwamba hayapo, na sehemu zenye giza ndizo hupunguzwa zaidi. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi ya msingi, na katika giza ngazi zinazotumika ni chache mno. Picha ya biti 10 ina ngazi 1,024, na hapo pete nyingi hutoweka.

Ukubwa wa tofauti unaonekana kwa kulinganisha njia zenyewe. Kiwango cha sinema za kidijitali kinaruhusu hadi megabiti 250 kwa sekunde kwa ajili ya picha. Diski ya Blu-ray ya 4K inaweza kufika megabiti 128. Netflix hupendekeza intaneti ya megabiti 15 kwa picha ya 4K na 5 kwa picha ya HD kamili. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kubishana kuhusu upigaji picha wa filamu moja na wote wakawa wakweli, kwa kuwa hawakuona kitu kimoja.

Kabla ya kulaumu, zima taa ya chumbani inayoakisi kwenye skrini, zima mpangilio wa runinga unaopunguza mwanga ili kuokoa umeme, na hakikisha kifurushi ulicholipia kinaruhusu ubora unaoutarajia. Ukishafanya hayo na bado huoni kitu, basi mpigapicha alilipima giza lake kwenye skrini ya studio yenye gharama kubwa akasahau kwamba wewe huna ya namna hiyo.

Kwa nini nasikia milipuko vizuri lakini mazungumzo siyasikii?

Sauti huchanganywa kwa ajili ya spika nyingi, na mazungumzo hupitia zaidi spika ya katikati. Runinga yako nyembamba ina spika mbili ndogo zinazotazama chini au ukutani, na sauti zote hulazimika kupita humo. Netflix inataka mazungumzo yawe na wastani wa -27 kwa LKFS, kipimo cha ukubwa wa sauti, kiwango kinachoacha nafasi kubwa ya milipuko kupaa juu yake. Ongeza mtindo wa waigizaji wa sasa wa kunong'ona kana kwamba kinasa sauti kimo mfukoni mwao, na hutashangaa kwamba watu huwasha manukuu hata kwa lugha wanayoijua. Ingia kwenye mpangilio wa sauti uchague sauti ya spika mbili badala ya 5.1, ile ya spika nyingi, mara nyingi hiyo peke yake hutosha.

Kwa nini wahusika hueleza kwa maneno kila wanachokifanya?

Kwa sababu watengenezaji wanadhani wewe unatazama simu. Waandishi kadhaa wa miswada wamesimulia kwamba huombwa wahusika wao watamke wanachofanya, ili mtu aliyeinamisha kichwa asipotee. Ndipo unamsikia mtu akifungua mlango na kusema kwamba amekuja kuchukua ule ufunguo aliouacha baba yao kabla ya ajali, akimwambia ndugu yake ambaye naye alikuwepo kwenye ajali hiyohiyo.

Binafsi naona hili ndilo kosa baya kuliko yote yaliyotajwa katika ukurasa huu, kwa kuwa mengine hutokana na haraka au uhaba wa fedha, ilhali hili hutokana na kumdharau mtazamaji. Anayetazama kwa makini huadhibiwa ili asiyetazama asisumbuke.

Majukwaa hupimaje kama kazi imefaulu?

Vipimo vimebadilika mara nyingi kiasi kwamba kulinganisha rekodi za miaka tofauti ni kujidanganya. Netflix iliwahi kumhesabu mtazamaji aliyemaliza asilimia 70 ya filamu au ya sehemu moja ya tamthilia. Baadaye ikamhesabu yeyote aliyetazama angalau dakika mbili, kwa hoja kwamba muda huo unatosha kuonyesha alikusudia. Mwaka 2021 ikahamia kwenye jumla ya saa zilizotazamwa, na Squid Game, tamthilia ya Korea Kusini, ikaingia kwenye vitabu kwa saa bilioni 1.65 ndani ya siku 28 za kwanza. Mwaka 2023 ikaanza kugawanya saa hizo kwa urefu wa kazi yenyewe, kwa sababu hesabu ya saa ilizipendelea kazi ndefu. Mwezi Desemba mwaka huohuo ilichapisha kwa mara ya kwanza takwimu za kazi zaidi ya 18,000 kwa nusu ya kwanza ya mwaka, na The Night Agent ikaongoza kwa saa milioni 812.

Zingatia kwamba hakuna kipimo hata kimoja kati ya hivyo kinachouliza kama kazi ilipendwa. Saa iliyotazamwa kwa hamu na saa iliyopita mtu akiwa amesinzia kwenye kochi huandikwa kwenye daftari moja. Zamani Netflix iliwaruhusu watazamaji kuzipa kazi nyota moja hadi tano. Mwaka 2017 ikaziondoa nyota na kuweka dole gumba la juu na la chini.

Kwa nini tamthilia nzuri hukatizwa baada ya msimu mmoja au miwili?

Jukwaa linalotegemea ada ya mwezi huuliza maswali mawili: je, kazi hii imeleta wateja wapya, na je, waliopo wangeondoka isingekuwepo. Msimu wa kwanza hujibu vizuri swali la kwanza. Msimu wa tatu mara nyingi haumleti mtu mpya, kwa kuwa hakuna anayeanzia katikati, lakini gharama yake imepanda kwa sababu mikataba ya waigizaji na watengenezaji ina nyongeza za kila msimu. Jukwaa huangalia pia ni wangapi waliomaliza msimu mzima. Tamthilia inayotazamwa polepole, na mtu anayeonja sehemu moja kwa wiki, huonekana imekataliwa hata kama inapendwa.

Adhabu hii humwangukia hasa mwandishi anayejenga taratibu. Aliyejua kwamba huenda akakatizwa huweka kila alichonacho katika sehemu ya kwanza, na ndiyo maana tamthilia nyingi huanza kwa maiti, kisha skrini inaandika "siku tano kabla".

Je, bajeti kubwa huleta ubora?

Huleta kinachonunulika: mavazi, mandhari, farasi na kompyuta. Msimu wa kwanza wa The Rings of Power wa Amazon, wa mwaka 2022, uligharimu takriban dola milioni 465 bila kuhesabu haki za hadithi, na hata waliougomea hawakuweza kusema kwamba fedha hazikuonekana. Walichokilalamikia ni mazungumzo na mwendo, vitu viwili ambavyo bei yake ni muda wa mwandishi mezani.

Kwa kulinganisha, Adolescence ya Uingereza, iliyotolewa na Netflix mwezi Machi 2025, ina sehemu nne tu, na kila moja ilipigwa kwa mkupuo mmoja bila kukata. Hapakuwa na njia ya kuficha udhaifu kwenye meza ya uhariri. Mwigizaji akikosea dakika ya arobaini, wote hurudi mwanzo. Ilibidi mswada, hatua za kamera na waigizaji viwe tayari kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha. Siamini kwamba kila tamthilia ipigwe hivyo, na zipo nyakati ambapo ufundi huo huvuta macho mbali na hadithi. Ila mazoezi marefu ni kitu ambacho jukwaa lolote lingeweza kukigharamia kwa sehemu ndogo ya bei ya joka moja la kompyuta.

Kazi zisizo za Kiingereza zina ubora zaidi, au ni fasheni tu?

Kuna mchujo unaozipendelea. Zinazofika mbali na kwao ni zile zilizokwisha kushinda nyumbani, kwa hiyo unalinganisha bora za huko na wastani wa Hollywood. Hata hivyo majukwaa yamefanya jambo la kweli hapa. Hwang Dong-hyuk aliuandika mswada wa Squid Game zaidi ya miaka kumi kabla ya kutolewa mwaka 2021, na wafadhili wa Korea Kusini waliukataa kwa kuuona wa ajabu mno. La casa de papel ya Hispania ilionyeshwa na kituo cha Antena 3 mwaka 2017 na watazamaji wake wakapungua kadiri ilivyoendelea. Netflix iliinunua, ikaikata upya kuwa sehemu fupi, na ulimwengu ukaipenda. Huo ukataji mpya ni ushahidi mzuri kwamba mkasi ni sehemu ya ubora.

Ukiweza, sikiliza sauti za asili ukisoma manukuu. Sauti zilizotafsiriwa hulazimika kufuata midomo, na sentensi hukatwa au kuvutwa ili itoshe mdomo wa mtu mwingine, hata pale mfasiri alipokuwa na neno bora zaidi.

Tuzo ni kipimo cha kuaminika?

Kwa kiasi. The Handmaid's Tale ya Hulu ilikuwa ya kwanza kutoka jukwaa la kutiririsha kutwaa Emmy ya tamthilia bora, mwaka 2017, na Roma, filamu ya Netflix, ikampa Alfonso Cuarón Oscar ya uongozaji mwaka 2019. Lakini The Irishman, nayo filamu ya Netflix, iliteuliwa Oscar mara kumi isipate hata moja, na hakuna aliyeiona mbovu kwa sababu hiyo. Orodha ya walioteuliwa ni ya kutumia kuliko jina la mshindi.

Filamu isiyopita ukumbini ni filamu kamili?

Tamasha la Cannes lilijibu swali hili kwa kanuni. Mwaka 2017 lilizipokea filamu mbili za Netflix kwenye shindano, wenye kumbi za Ufaransa wakapinga, na tangu mwaka uliofuata filamu ya shindano lazima iwe na mpango wa kuonyeshwa kwenye kumbi za nchi hiyo. Jibu langu ni la kiufundi zaidi: filamu iliyotungwa kwa ajili ya ukumbi huamini kwamba hutasimama, na hivyo huthubutu kuwa kimya. Ukiitazama nyumbani, iheshimu kwa kuiweka simu chumba kingine, na utaona kwamba nusu ya "uchovu" wake ulikuwa wako.

Mgomo wa mwaka 2023 ulibadilisha chochote?

Waandishi wa Marekani waligoma kwa siku 148 na waigizaji kwa siku 118. Mkataba wa waandishi uliweka idadi ya chini ya waandishi kwa kila tamthilia kulingana na wingi wa sehemu zake, na malipo ya ziada kwa kazi itakayotazamwa na asilimia 20 au zaidi ya wateja wa jukwaa nchini humo ndani ya siku 90. Hilo la pili ni muhimu, kwa kuwa kabla ya hapo jukwaa lililipa gharama pamoja na nyongeza ya mara moja, na aliyeandika kazi iliyotikisa dunia hakupata cha maana kuliko aliyeandika iliyosahauliwa.

Nitachaguaje bila kupoteza jioni nzima?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na ukurasa wa mwanzo wa jukwaa lolote ni mahali ambapo vibaya hujitembeza kwa bidii sana. Picha unayoiona pale imechaguliwa kwa kufuata uliyoyatazama nyuma. Jirani yako huonyeshwa picha nyingine ya filamu hiyohiyo. Kwa hiyo usichague kwa picha. Tafuta jina la mwandishi na la mwongozaji, uone walifanya nini kabla. Angalia idadi ya waandishi walioandikwa kwenye mswada wa filamu. Wakizidi watatu, mara nyingi umepita mikononi mwa wengi wasioelewana. Kwa tamthilia, tazama sehemu mbili badala ya moja, kwa sababu ya kwanza imepewa fedha na muda kuliko zote, na ya pili ndiyo inayokuonyesha maisha ya kawaida ya nyumba hiyo.

Je, kazi hizi zitaendelea kupatikana?

Usiweke dhamana. Tamthilia ya Westworld iliondolewa HBO Max mwezi Desemba 2022, ingawa ilikuwa ya HBO yenyewe. Disney iliiondoa tamthilia ya Willow kwenye jukwaa lake mwezi Mei 2023, miezi michache tu baada ya kuitoa. Batgirl, filamu iliyokwisha kupigwa picha kwa takriban dola milioni 90, ilifutwa na Warner Bros. Discovery mwezi Agosti 2022 kabla mtazamaji yeyote hajalipia kuiona. Nyingi za kazi hizi hazikuwahi kutolewa kwenye diski. Iliyo na diski, nunua diski hiyo. Isiyo nayo, itazame ikiwa bado ipo.